Nilifunga dari bila sahihi: niliyopitia kwenye kazi za umaliziaji Mtwara

Jumamosi moja ya Juni 2024, Idd el-Hajj ikiwa mlangoni, mafundi wangu sita walikuja nyumbani kwangu Magomeni ya hapa Mtwara baada ya Isha, wakakaa barazani. Hawakuja kwa shari. Mke wangu aliwatolea chai, wakanywa, wakashukuru, kisha wakabaki wamekaa. Ilikuwa wiki ya tatu sijawalipa. Mkubwa wao, ambaye tulianza naye kazi tukiwa saidia fundi, ndiye aliyesema: "Kaka, sisi tunakuelewa. Tatizo nyumbani hawatuelewi." Sikuwa na la kumjibu. Kesho yake nilipeleka kadi ya pikipiki yangu kwa mtu wa Chikongola, nikaiweka rehani kwa shilingi 1,200,000, nikawagawia laki mbili mbili wakale sikukuu na watoto wao.

Usiku ule mimi mwenyewe nilikuwa nadai milioni 12 kwa kontrakta mkuu wa jengo moja la ofisi huku Shangani. Dari ziko juu, kuta zimesimama, yeyote anayeingia anaiona kazi. Ila karatasi ya kudaia sikuwa nayo. Naandika kwa ajili ya vijana wa jipsamu, patisheni, rangi na vigae wanaoanza kupewa kazi za majengo makubwa hapa Mtwara na Lindi, kwa sababu mimi nilifika huko nikiwa fundi mzuri, nikadhani ufundi mzuri unatosha.

Kazi niliijifunzia Dar es Salaam, nikarudi nyumbani 2012 wakati habari za gesi zimeujaza mji. Kila mwenye kiwanja alikuwa anajenga gesti, hoteli au ofisi ya kupangisha. Mafundi wa jipsamu tulikuwa wa kuhesabika, na bei tulikuwa tunaitaja wenyewe.

Somo la kwanza lilinikuta 2014, kwenye hoteli moja iliyo karibu na bahari. Nilifunga dari ya mita za mraba 200 kama nilivyozoea kufunga Sinza: bodi ya jipsamu ya kawaida, skrubu nyeusi, pati ya kuziba na kulainisha, rangi nyeupe. Ilipendeza. Mwaka haujaisha, mwenye hoteli akanipigia. "Fundi, njoo uangalie dari yako." Nilipoingia korido ya upande wa bahari sikuhitaji kuonyeshwa. Skrubu zote zilikuwa zimejichora. Vidoa vya kahawia, mstari baada ya mstari, kila baada ya shubiri moja hivi, kama dari imetoka vipele. Upepo wa bahari hapa una chumvi, na unyevu wake hauishi hata kiangazi. Skrubu nyeusi ambayo kichwa chake kimefunikwa na pati nyepesi tu inapata kutu, na kutu ile inapenya rangi hata ukipaka mikono mitatu. Tulikaa siku tisa juu ya jukwaa tukikwangua skrubu zaidi ya elfu mbili, moja moja, tunapaka praima ya mafuta, tunarudishia pati, tunapaka upya. Zote kwa hela yangu, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo, kazi yoyote ya pwani yetu, iwe Mikindani, Shangani, Lindi mjini au Kilwa Masoko, naandika kwenye bei: skrubu na chaneli (vyuma vinavyoshika bodi) zilizopakwa zinki, bodi ya kijani inayostahimili unyevu jikoni, chooni na kwenye korido zilizo wazi, praima kwenye vichwa vya skrubu kabla ya pati. Bei inapanda kidogo na wateja wengine wananikimbia. Waache wakimbie. Nakuomba usikubali kushusha bei kwa kuondoa zinki, kwa sababu dari ile itabaki na jina lako.

Sasa nirudi Shangani. Aprili 2024 niliitwa na kontrakta mkuu, kampuni kutoka nje ya mkoa, nikapewa kazi za ndani za jengo la ghorofa mbili. Dari mita za mraba 620 kwa shilingi 32,000 kila moja. Patisheni mita 180 kwa 48,000. Kuskimu, yaani kulainisha kuta kwa pati, na rangi mita 1,400 kwa 7,000. Jumla 38,280,000. Sijawahi kushika kazi kubwa vile. Nilimpigia mama Newala kumpa habari, akaniombea dua kwenye simu.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja. Ulitaja bei, muda wa kumaliza kuwa tarehe 10 Juni, kukatwa 50,000 kwa kila siku ya kuchelewa, na asilimia 10 ya malipo kuzuiwa kama dhamana. Haukusema nini kitatokea wao wakinichelewesha mimi. Haukusema malipo yatatoka siku ngapi baada ya kupeleka ankara. Nilisaini nimesimama, karatasi nimeiegemeza kwenye boneti ya gari la injinia.

Kwenye jengo la biashara, mtu wa kazi za ndani ndiye wa mwisho kuingia. Zege likichelewa, paa likichelewa, fundi umeme akichelewa, siku hizo zote zinatolewa kwako, maana tarehe ya ufunguzi haisogei. Kwa hiyo kabla ya kusaini, mtu wa ndani anatakiwa kuuliza swali ambalo mimi sikuuliza: siku zangu zinaanza kuhesabiwa lini? Tarehe ya kwenye mkataba, au siku nitakayokabidhiwa sakafu ikiwa tupu, mabomba yamepimwa na nyaya zimepita? Lazimisha iwe ya pili, na iandikwe kwa kila ghorofa.

Bodi 380 nilizinunua Dar kwa 21,000 kila moja. Fuso lilitoka Ijumaa tarehe 3 Mei. Kesho yake Kimbunga Hidaya kikaingia pwani. Wanaoishi kusini wanakumbuka: mvua ile ilikata barabara yetu wilayani Kilwa, kule Somanga, na Mtwara na Lindi tukabaki hatuna njia ya moja kwa moja ya kwenda Dar. Gari langu likakwama upande wa kaskazini pamoja na mabasi na malori ya watu. Dereva alikuwa ananipigia jioni simu ikiwa na chaji kidogo, ananieleza maji yalipofika. Kilwa ndiyo wilaya yetu inayochimbwa jasi, madini yenyewe yanayotengenezwa bodi, na mimi nilikuwa nangoja bodi za Dar zipite palepale. Niliwaza sana jambo hilo siku zile, na bado naliwaza: lini kusini tutatengeneza bodi zetu wenyewe?

Gari lilipofika, turubai lilikuwa limechanika upande mmoja. Bodi 60 za chini na za pembeni zilikuwa zimelowa. Bodi iliyolowa usidanganyike nayo ikikauka. Ukiipiga kwa kidole inalia bubu, na ukiifunga darini inapinda katikati ya chaneli baada ya miezi michache. Nilizitupa. 1,260,000 ikaenda, na dereva nikamlipa laki nne za siku alizosubiri. Bima ya mzigo sikuwa nimekata. Sasa hivi nakata, na bodi nazifungia nailoni nzito kabla ya turubai hata kama ni mwezi wa kiangazi.

Ila hasara ya bodi ilikuwa ndogo kuliko nilichokuja kugundua. Wiki ya mwisho ya kazi niliingia ofisi ya saiti kuomba malipo, injinia akatoka kupokea simu, na mezani kulikuwa na muhtasari wa kikao. Nikausoma. Kontrakta mkuu alikuwa amemwandikia mshauri anayesimamia mradi barua kuhusu kimbunga na barabara, ndani ya siku chache tu, akaongezewa siku 21. Mimi, niliyekuwa na gari lililokwama barabarani, sikuandika barua yoyote. Nilimwambia injinia kwa mdomo, akasema "pole sana, Fundi," nami nikaondoka nikiamini tumeelewana. Nilimaliza tarehe 26 Juni. Nikakatwa siku 16, shilingi 800,000.

Nilipolalamika, jibu lilikuwa fupi: "Barua yako iko wapi?"

Kaka, dada, andika. Barua ya mistari minne inatosha: tarehe, kilichotokea, kinavyoigusa kazi yako, siku unazoomba. Ipeleke siku ileile au kesho yake, nakala isainiwe na aliyeipokea, ibaki kwako. Picha ya wasapu inasaidia, lakini barua iliyopokelewa ndiyo inayokaa kwenye faili. Watu wa ofisini hawana chuki na sisi, ila faili likiwa tupu hawana cha kukutetea.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma mpaka leo. Ghorofa ya kwanza ilikuwa na viyoyozi vinane ambavyo mabomba yake ya maji yanapita juu ya dari. Fundi viyoyozi alikuwa amening'iniza mabomba lakini hajapima. Nilimwambia msimamizi wa saiti kwamba nasubiri. Akanijibu: "Funga, Fundi. Mwenye jengo anakuja Jumatatu, anataka kuona dari." Mkubwa wa mafundi wangu alishuka kwenye jukwaa, akaninong'oneza, "Kaka, bomba lile la kwenye kona limelala." Nilitazama juu nikaliona: badala ya kuteremka kuelekea nje, lilikuwa na tumbo katikati. Nikasema tufunge. Nilikuwa nataka malipo ya pili, nikaogopa kuonekana msumbufu.

Agosti wafanyakazi wakahamia, viyoyozi vikawashwa kutwa nzima. Wiki ya pili doa la manjano likatokea kwenye kona, kwanza saizi ya sahani, halafu saizi ya sinia. Bodi 14 zilishushwa. Nilifanya kazi usiku tu, kwa sababu mchana kuna wateja, huku tumefunika meza na kompyuta kwa nailoni. Bodi, rangi, ufundi wa usiku na usafi vilinigharimu 870,000. Fundi viyoyozi alisema bomba lilipindishwa na watu wangu wakati wa kufunga. Ningewezaje kukataa? Picha sikupiga, sahihi sikuomba.

Nilitegemea faida ya 4,500,000 kwenye kazi ile. Toa bodi, dereva, siku za kuchelewa na dari iliyovuja: 3,330,000. Kilichobaki ni 1,170,000 kwa kazi ya tangu Aprili, bado riba ya rehani. Zile milioni 12 zilitoka vipande vipande Julai yote, baada ya kwenda ofisini kwao karibu kila siku. Nusu ya dhamana, 1,914,000, nililipwa baadaye kidogo. Nusu ya pili ilitakiwa itoke miezi sita baada ya makabidhiano, na niliifuatilia miezi mingine mitano zaidi ya hapo. Walinikata pia kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kwenye malipo yako na kuipeleka TRA, bila kunipa hati yake, na mwisho wa mwaka TRA waliponifanyia hesabu sikuwa na cha kuonyesha kwamba kodi ile ilishatoka mfukoni mwangu. Ukikatwa kodi ya zuio, usiondoke bila hati. Na kwenye ankara tenganisha vifaa na ufundi, halafu mwone mhasibu kabla, siyo baada.

Kuna sehemu moja tu ya kazi ile nilifanya sawasawa, na naieleza kwa sababu inaonyesha kwamba inawezekana. Kuta za chini zilikuwa zimepigwa lipu wiki mbili nyuma, nami natakiwa kuskimu. Lipu mbichi ukiifunika inatoa unga mweupe wa chumvi na rangi inabanduka kama ngozi iliyoungua, hasa kama mchanga uliotumika ulitoka karibu na bahari. Nilikata vipande vya nailoni vya nusu mita, nikavibandika ukutani kwa tepu pande zote nne, nikaviacha usiku kucha. Asubuhi nikamwita injinia. Ndani ya nailoni kulikuwa na matone, ameyaona kwa macho yake. Nikapiga picha, naye akasaini kwamba kuta zisubiri. Kuta zile mpaka leo hazina doa. Mkono wangu ulikuwa uleule, lakini ukutani nilikuwa na ushahidi na darini sikuwa nao.

Baada ya hapo nilikaa mwezi mzima sitaki kusikia habari za kontrakta. Mafundi wawili waliomba ruhusa wakaenda kwenye mikorosho yao, na nikawaza kwenda na mimi. Aliyenirudisha ni mzee mmoja wa kazi za majengo, mstaafu wa Ligula, niliyekuwa namuamkia tu njiani. Nilimsimulia. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe umesajiliwa wapi?" Nikamwambia nina leseni ya biashara. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kufanya ukandarasi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi ni kosa kwa sheria ya 1997, na kwamba mtu wa jipsamu na rangi hahitaji kusubiri awe mjenzi wa maghorofa. Wapo makandarasi wa majengo wenye madaraja saba, na wapo makandarasi maalumu wenye madaraja matatu, ambao wanasajiliwa kwa fani zao.

Njia haikuwa fupi. Kwanza kusajili kampuni BRELA, kupata namba ya mlipakodi, kisha Bodi ya Makandarasi, ambako wanataka mtu wa ufundi mwenye vyeti, vifaa na ada. Mtu wa vyeti nilimpata kwa kumpa hisa kidogo kwenye kampuni. Mafundi wangu watatu, wenye miaka kumi na zaidi kazini lakini hawana hata cheti, niliwapeleka VETA, chuo cha ufundi, wakarasimishe ujuzi: wanapimwa wanachokijua tayari, wanapewa mafunzo mafupi, wanapata cheti. Mkubwa wao alikikumbatia cheti kile. Ana miaka arobaini na mbili, na kilikuwa cheti chake cha kwanza tangu la saba.

Kujisajili kulinifungulia mlango nisioutegemea, nao ni watu. Nilianza kwenda kwenye mafunzo na mikutano ya makandarasi. Kumbe mambo niliyodhani yamenipata mimi peke yangu yamempata kila aliyekuwa chumbani. Huko ndiko nilikojua kwamba Bodi ina mfuko unaowasaidia makandarasi wadogo kupata dhamana za zabuni na za malipo ya awali, na kwamba Baraza la Taifa la Ujenzi lina mikataba ya mfano ambayo unaweza kuichukua badala ya ule ukurasa mmoja wa kusaini kwenye boneti. Nilijisajili pia NeST, mfumo wa zabuni za serikali. Kabla ya hapo nilikuwa nafanya madarasa na zahanati kwa fosi akaunti, yaani shule au zahanati yenyewe inasimamia ujenzi na kuajiri mafundi, kazi nzuri, jirani na nyumbani, lakini nilikuwa naondoka bila barua inayosema nilifanya nini. Kama uko kwenye fosi akaunti sasa hivi, iombe barua hiyo kwa mkuu wa shule au mganga kabla hujabeba ngazi zako. Utakapojaza zabuni utaihitaji.

Tulio kwenye kazi za ndani Mtwara, Lindi na Masasi tumeanzisha kundi la wasapu, tuko kumi na wawili. Tunaagiza bodi pamoja, gari moja, tunagawana nauli na bima. Tunaambiana bei ya chini ambayo mtu akiishuka anakula mtaji wake. Mtu akibanwa na tarehe anaazima mafundi wa mwenzake. Hili la mafundi ni kubwa kwetu, kwa kuwa kuanzia Oktoba korosho zikiiva nusu ya vijana wanakwenda mashambani, na si haki kuwazuia, shamba ndilo linalosomesha watoto wao. Sasa mkataba wowote unaopita Oktoba hadi Desemba naupangia mafundi mapema, na siku naomba zaidi. Mteja akisema korosho hazimhusu, namweleza taratibu mpaka zimhusu.

Kuhusu mishahara nimeapa jambo moja. Malipo ya awali yakiingia, ufundi wa wiki tatu unawekwa pembeni, kwenye akaunti nyingine, hauguswi kununua hata boksi la skrubu. Sitaki tena kuona watu wazima wamekaa barazani kwangu wakinionea huruma wakati wanaonidai ni wao.

Mwezi uliopita tulikuwa Lindi mjini, ofisi ya ghorofa moja. Nina daftari la nakala mbili, ukurasa mmoja kwa kila chumba: umeme umepita, bomba limepimwa, kiyoyozi kimemwaga maji, picha zimepigwa, nafasi ya sahihi tatu. Msimamizi akaja mchana na maneno yaleyale ninayoyajua, kwamba tufunge, wakubwa wanakuja. Nikamwamkia vizuri, nikampa kiti, nikamwambia, "Bosi, nitafunga leo hiihii. Nipe fundi viyoyozi dakika ishirini tu." Kijana alipanda na ndoo ya lita kumi, akamimina maji kwenye sinia ya kiyoyozi taratibu. Mimi nilitoka nje nikasimama chini ya mdomo wa bomba. Ilichukua muda. Kisha yakaanza, tone, tone, halafu mkondo mwembamba ulionyooka, yakalowesha mchanga karibu na miguu yangu. Nikarudi ndani na daftari. Akasaini fundi viyoyozi, akasaini msimamizi, nikasaini mimi, na mkubwa wa mafundi akachukua bodi ya kwanza akapanda nayo.